Usemi wa jeni: kwa nini kinyama cha uvimbe hutiwa rangi

Kwenye hitima msahafu ni mmoja, lakini kila msomaji hushika juzuu yake. Seli za mwili ziko hivyo. Ya ini na ya titi zina jeni zile zile, takriban 20,000 zenye kutengeneza protini, ila kila seli husoma zinazoihusu na nyingine huziacha zimefungwa. Kusomwa huko ndiko kunakoitwa usemi wa jeni: jeni hunakiliwa kuwa RNA, RNA hutoa protini, na protini ndiyo mtendaji.

Katika saratani usomaji huo huvurugika. Jeni za kukuza husomwa kupita kiasi, za kuzuia hunyamazishwa. Jeni inaweza kunyamazishwa bila hata kuvunjika: vibandiko vya kemikali viitwavyo methili hukaa mwanzoni mwake, isisomwe tena. Tazama HER2, moja ya jeni za kukuza. Seli ya kawaida ina nakala 2 za jeni hii. Katika saratani za matiti 15 hadi 20 kwa kila 100, nakala huongezeka mno, utando wa seli hujaa vipokezi vyake, yaani protini zinazopokea amri za kukua, na amri ya kugawanyika haikatiki. Kinacholisha uvimbe ndicho kinachoutambulisha, na dawa ya trastuzumab hukishika hapo hapo.

Ili kuona protini hizo, maabara hutia rangi kinyama kilichokatwa, na kazi yote inaweza kuharibika kabla hakijafika huko. Kinyama kikikatwa Tanga na kupelekwa Dar es Salaam, kina safari ya kilometa kama 350 katika joto la pwani. Kitiwe kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze, ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuzuia uchachu) ndani ya saa 1 tangu kukatwa, si kwenye maji ya chumvi. Fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, na kikae humo saa 6 hadi 72. Titi zima likiondolewa, uvimbe upasuliwe vipande vya milimita 5, kwa kuwa fomalini hupenya polepole. Usipopasuliwa, nje huiva na katikati huoza. Vipokezi vya estrojeni, homoni inayoweza kuulisha uvimbe wa titi, hupotea na jibu hutoka hasi ilhali mgonjwa ni chanya. Mama huyo atanyimwa tamoksifeni inayoziba vipokezi hivyo, kidonge cha bei nafuu cha miligramu 20 kwa siku, kwa kawaida kwa miaka 5 au zaidi. Ni kosa la kuumiza sana, maana lingezuilika kwa fomalini ya kutosha na saa ya kukatwa kuandikwa kwenye chupa.

Majibu yakirudi, vipokezi vya estrojeni huhesabiwa chanya hata seli 1 tu kati ya 100 ikishika rangi. HER2 husomwa kwa nguvu ya rangi: 0, 1+, 2+ au 3+. Tatu ni chanya. Mbili si ndiyo wala siyo, na hapo hutakiwa kipimo cha FISH kinachohesabu nakala za jeni zenyewe. Usikubali 2+ iishie kwenye faili.

Shingo ya kizazi ina alama yenye fumbo. p16 ni protini ya breki, lakini ikijaa kwenye seli ni dalili mbaya: virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, vimeilemaza protini ya Rb, ambayo breki hiyo huitegemea, na seli inazidi kumwaga p16 bila kusimama.

Alama za damu zisomwe kwa tahadhari zaidi. PSA, protini ya tezi dume, hupanda kwa saratani ya tezi dume, lakini pia kwa tezi iliyotanuka tu au maambukizi ya mkojo. Mwanamume akae siku 2 bila kumwaga manii kabla ya kupimwa. CA-125, alama ya saratani ya ovari, hupanda hata wakati wa hedhi. Nguvu ya CA-125 iko kwenye kufuatilia: ipimwe kabla ya matibabu na baada yake, katika maabara ile ile, kwa mashine ile ile.