"Nilienda fildi nikaishia kuosha chupa" na dhana nyingine potofu kuhusu kusoma bayoteknolojia

Kila likizo ndefu ikiisha na wanafunzi wa bayoteknolojia wakarudi chuoni kutoka fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, lalamiko ni lile lile: "Mwalimu, sehemu niliyopangiwa haikuwa na maana. Sikugusa PCR. Niliosha chupa na kupika midia mpaka siku ya mwisho." PCR ni mashine ya kunakili DNA, na midia ni chakula cha kukuzia tishu au vijidudu maabara. Mwaka huu nimeambiwa hivyo hata na mzazi, kwa simu, akiomba mwanawe ahamishiwe "maabara ya kweli". Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika. Aliyepika midia fildi nzima akielewa anachofanya amejifunza bayoteknolojia kuliko aliyesimama nyuma ya mtu kutazama mashine ya PCR.

Chukua maabara inayozalisha miche ya migomba kwa njia ya chupa, yaani kwa kukuza vipande vidogo vya tishu ndani ya chupa. Midia inayotumika sana ni MS, fomula iliyochapishwa na Murashige na Skoog mwaka 1962 walipokuwa wakikuza tishu za tumbaku. Unapima chumvi zake, unaweka sukari, kwa kawaida gramu 30 kwa lita, unarekebisha pH (kipimo cha uchachu) ifike 5.7 au 5.8, ndipo unatia agari, unga unaogandisha midia. pH ikiwa chini sana, agari haigandi sawasawa na vichipukizi vinazama. Kisha inakuja otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzi 121 za Selsiasi, dakika 15. Lakini dakika hizo ni za chupa ndogo. Ukijaza chupa za lita moja moja ukaacha muda ule ule, katikati ya chupa panaweza kuwa hapajakaa kwenye joto hilo vya kutosha, na siku chache baadaye midia inaota ukungu. Ukiachia mvuke kwa haraka, midia inachemka ghafla na kufurika. Chupa iliyosuuzwa vibaya inabaki na sabuni, na tishu changa haivumilii sabuni. Yote hayo ni fizikia, kemia na mikrobiolojia ambayo mwanafunzi aliifanyia mtihani darasani bila kuiona.

Kuna na lebo, ambazo pia wanafunzi wanazidharau. Mche wa Mzuzu na mche wa Mtwike, aina mbili za ndizi, ukiwa ndani ya chupa, mgeni hawezi kuutofautisha. Ukikosea kuandika, kosa halionekani maabara. Linaonekana mgomba ukishazaa, shambani kwa mkulima aliyelipia miche na kusubiri karibu mwaka mzima. Lebo pia inaonyesha tishu imegawanywa mara ngapi, kwa sababu ukiizidisha mno unaanza kupata migomba iliyobadilika tabia. Kwa hiyo mwanafunzi anayeniambia "nilikuwa naandika lebo tu" namuuliza: namba ya pili kwenye lebo ilikuwa ya nini? Akishindwa kujibu, tatizo haliko kwenye ile maabara. Hakuuliza.

Sasa hiyo PCR wanayoililia. Mashine yenyewe inapandisha na kushusha joto; ukishaipangia, unabonyeza na kwenda kunywa chai. Kazi iko kwenye mkono uliotia mikrolita moja (sehemu moja ya milioni ya lita) ya DNA, na kwenye tyubu ya kontroli, ya kulinganishia, yenye maji badala ya DNA. Kila mzunguko unaongeza nakala maradufu, kwa hiyo kinadharia mizunguko 30 inageuza molekuli moja kuwa nakala zaidi ya bilioni moja. Hapo chembe ya uchafu kutoka kwenye kidole au ncha iliyotumika ya pipeti, kifaa cha kuvuta na kupima vimiminika, inatosha kukudanganya. Matokeo husomwa kama mistari ya DNA kwenye jeli; mstari ukitokea kwa sampuli ya tyubu ya maji, matokeo yote ya siku hiyo hayaaminiki, hata jeli ikiwa nzuri kiasi gani. Nidhamu inayozuia hilo ndiyo ile ile ya kwenye chumba cha midia.

Ushauri wangu kwa kila mwanafunzi, na sitauacha: tafuta mizani nyeti na maji safi. Mikrolita 100 za maji zina uzito wa takriban gramu 0.1. Vuta kiasi hicho kwa pipeti na ukipime kwenye mizani mara kumi mfululizo, uandike. Namba zikitawanyika huku na huko, kwa kawaida ni mkono wako. Zikikaa pamoja lakini zote ziko chini, mtuhumiwa wa kwanza ni pipeti, inahitaji kukaguliwa. Zoezi hili halihitaji kemikali wala barua kutoka kwa mkuu wa idara, na ni wachache mno wanaolifanya. La pili ni daftari: lililoshonwa, kurasa zenye namba, kalamu ya wino, kosa linakatwa kwa mstari mmoja likibaki linasomeka. Sipokei karatasi za kunyofoa.

Sasa dhana nyingine potofu. "Bayoteknolojia ni GMO." Hapana. Uhandisi jeni, unaozaa GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni, ni tawi mojawapo, na kwa Tanzania ni dogo: majaribio ya mahindi pale Makutupora, Dodoma, yalisitishwa na serikali mwaka 2018. Wakati huo huo, chanjo ya mdondo wa kuku iitwayo TEMEVAC inazalishwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TARI Mikocheni, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, inahangaika na virusi vya batobato na michirizi kahawia kwenye mihogo, na Mkemia Mkuu wa Serikali anapima DNA kwa ajili ya mahakama. Yote hayo ni kazi yetu.

"Nikimaliza nitapima wagonjwa hospitali." Shahada hii peke yake haikupi usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Anayetaka kutoa majibu ya wagonjwa asome sayansi ya maabara za tiba. Wazazi waambiwe hili kabla fomu haijajazwa. Wengi wanaligundua siku ya mahafali.

"Hesabu niliziacha sekondari." Basi utaumia. Praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili kwenye PCR) yenye ukolezi wa mikromola 100 unayotaka iwe 10 inachanganywa sehemu moja na maji sehemu tisa. Kila mwaka kuna kundi linaloweka maji sehemu kumi, halafu wanalaumu mashine.

"Bila Ulaya hujasoma chochote." Virusi vya mihogo vimeshasomwa mpangilio wa DNA kando ya mashamba Tanzania, Uganda na Kenya, kwa kifaa kinachokaa kiganjani. Uchambuzi wa data hizo unafanyika kwa kompyuta ya kawaida, na hazina kubwa za taarifa za jeni ziko wazi bure kwenye intaneti.

"Fildi nzuri ni ya taasisi ya utafiti Dar." Kwa nini wote mgombee mlango mmoja? Kiwanda cha bia kina maabara ambako hamira inahesabiwa kwa darubini na kutiwa methilini bluu, seli zilizokufa zikabaki na rangi, kabla ya kuruhusiwa kuingia tangini. Kiwanda cha maziwa kinahesabu bakteria kila siku, na ratiba ya lori la asubuhi haimsubiri mwanafunzi mzembe. TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, Morogoro, wanapima ubora wa mbegu. Andika barua yako mapema, mwezi wa kwanza au wa pili, na usiandike "naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo" ukaishia hapo. Taja kipimo unachotaka kujifunza kwao. Na ukipewa chupa za kuosha siku ya kwanza, uliza zinaenda kuwekwa nini.