Injini Kubwa Pekee Haiipi Ndege Kasi

Miongoni mwa vijana wa Mombasa wanaobuni ndege za kuundwa nyumbani kwa ajili ya programu za kuigiza urubani, imeenea dhana kwamba ukizidisha nguvu za injini maradufu, kasi nayo itazidi maradufu. Sivyo. Nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kwa hiyo ndege inayofikia kilomita 300 kwa saa kwa nguvu farasi 160, ikipewa 320, itafika takriban 378 tu, tena kabla ya kuhesabu uzito wa injini hiyo na mafuta itakayoyabugia. Lancair 360, kwa mfano, ndege ndogo ya kuundwa nyumbani, hupata kasi yake kwa bodi laini, magurudumu yanayokunjwa ndani na mabawa madogo. Mabawa hayo yana gharama yake, kwani ndege hutua kwa kasi kubwa, kasoro ambayo njia ndefu ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Moi humficha mbunifu, maana hata muundo mbovu hupata pa kusimamia. Katika X-Plane, programu ya kuigiza urubani inayokokotoa nguvu za hewa kipande kwa kipande cha bawa, rekebisha umbo kwanza, wala usipunguze kiholela namba ya ukinzani ili kasi ipendeze.