Kipuri kinachobana: namna ya kugawa bajeti ya kompyuta ya kwanza ya gemu

Anayeunda kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huuliza kipuri kipi ni bora. Swali lenye faida zaidi ni kipi kitabana. Kipuri kinachobana ni kile kinachowasubirisha wenzake. Tuseme kadi ya grafiki ina uwezo wa kuchora fremu (picha mojamoja zinazounda mwendo) 140 kwa sekunde, lakini prosesa, ubongo wa kompyuta, inaweza kuandaa 80 tu. Utapata 80, na pesa iliyonunua zile 60 zilizobaki imelala bure ndani ya kasha.

Ifuate fremu moja tangu inapoanza. Prosesa ndiyo ya kwanza: inakokotoa adui yuko wapi, risasi imegonga nini, mlango umefunguka au bado, kisha inaandika orodha ya vitu vya kuchorwa. Kadi ya grafiki inaipokea orodha hiyo na kuweka rangi, mwanga na vivuli, pikseli (nukta ndogo ya picha) kwa pikseli, huku prosesa ikiwa imeshaanza fremu inayofuata. Ni kama mafundi wawili wa nguo, mmoja akikata kitambaa na mwingine akishona. Nguo zinatoka kwa mwendo wa yule aliye mzito. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila mmoja ana milisekunde 16.7 hivi za kumaliza kazi yake. Ukitaka 144, anabaki na pungufu ya 7.

Hapa ndipo skrini inapoingia, ingawa wengi huiweka mwisho wa orodha, au huisahau kabisa hadi pesa imekwisha. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400. Ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Mzigo huo wote unaiangukia kadi. Kwa prosesa, kujua adui yuko wapi ni kazi ileile hata skrini iwe na ukubwa gani. Kwa hiyo kadi na prosesa zilezile zinaweza kubanwa na prosesa kwenye 1080 na kubanwa na kadi kwenye 4K. Gemu nazo hutofautiana. Counter-Strike 2 na Valorant, zinazochezwa kwa fremu nyingi sana, huitegemea prosesa; Cities: Skylines yenye mji uliojaa watu huichosha prosesa vibaya zaidi; Cyberpunk 2077 ukiwasha ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing) huimaliza kadi. Ndiyo maana siviamini vile vikokotoo vya mtandaoni vinavyokupa namba moja tu ya asilimia ya kubanwa, bila hata kuuliza unacheza nini.

Kila kompyuta ina kipuri kinachobana. Huwezi kukiondoa, unachoweza ni kuchagua kiwe kipi. Kwa bajeti ndogo, chagua kiwe kadi ya grafiki. Kadi ikibana una pa kupunguzia: shusha vivuli, shusha rezolusheni (idadi ya pikseli) kidogo, na fremu zinarudi. Prosesa ikibana, kuna mipangilio michache tu ya kuipa nafuu, kama idadi ya watu barabarani au umbali wa vitu vinavyoonekana, na mara nyingi picha hukwamakwama hata kama wastani wa fremu ni mzuri.

Kwa hiyo anza na skrini na gemu unazocheza kweli, kisha kadi inayozimudu, na sioni ubaya kadi hiyo peke yake ikila theluthi ya bajeti au zaidi. Angalia pia memori yake. GB 8 zinatosha kwa 1080 katika gemu nyingi, ila gemu mpya zenye picha nzito zimeanza kuzijaza. Na usiishie kwenye jina. Kadi ya Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022 ikiwa na GB 4, huwasiliana na mazabodi, bodi kuu inayobeba vipuri, kwa njia nne tu za PCIe, kiunganishi cha kadi. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 inajitahidi vizuri, lakini ukiipachika kwenye ya PCIe 3.0, kizazi cha nyuma, upana wa njia unapungua kwa nusu na gemu zinazojaza memori yake huporomoka. Watakaoinunua kwa sababu ni nafuu ni walewale wenye mazabodi za zamani.

Prosesa yenye viini 6 (sehemu za kukokotoa) ya miaka ya karibuni inatosha kwa kadi nyingi za bei ya kati. Uamuzi mgumu zaidi ni soketi, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi. Ryzen 5 5600, prosesa ya AMD, hukaa kwenye soketi ya AM4 na hutumia RAM (memori ya kazi ya kompyuta) ya aina ya DDR4. AM5, soketi iliyoifuata na kuja 2022, inakubali DDR5 pekee, na aina hizo mbili za RAM haziingiliani hata kwa umbo la sloti. AM4 imefika mwisho wa safari yake, hivyo ukitaka kupanda sana baadaye utabadilisha prosesa, mazabodi na RAM kwa pamoja. Kama unajua hutaigusa mashine kwa miaka, hilo si tatizo. Tazama pia herufi za mwisho. Ryzen 5 5600, na Intel zenye F mwishoni kama Core i5-12400F, hazina grafiki ya ndani; bila kadi, hakuna picha. Ryzen 5 5600G inayo, hivyo inakuruhusu kuanza kucheza gemu nyepesi huku ukidunduliza pesa ya kadi. Lakini inaishia PCIe 3.0, hata kama mazabodi inaweza 4.0, na kuioanisha baadaye na ile RX 6500 XT ni kujifunga mwenyewe.

RAM iwe GB 16, vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu kipande kimoja hufungua nusu tu ya njia ya kwenda kwa prosesa. SSD (diski ya kuhifadhia gemu) yoyote ya maana inafaa. Ya aina ya NVMe husoma haraka mara kadhaa kuliko ya aina ya zamani ya SATA, lakini haikuongezei fremu, inafupisha kusubiri gemu ifunguke. Kasha liwe na matundu mbele ya kupitisha hewa. Taa za rangi ni pesa ya kadi.

Pawa saplai, inayogawa umeme kwa vipuri, ndiyo sehemu ambayo singebania. Nembo ya 80 Plus husema ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye vipuri badala ya kupotea kama joto. Haisemi kama kifaa kitajizima ipasavyo umeme ukizidi au ukipiga shoti. Kadi za leo pia huvuta umeme mwingi ghafla kwa kitambo kidogo sana, na pawa saplai dhaifu huizima kompyuta katikati ya mchezo. Fuata wati zinazopendekezwa na mtengenezaji wa kadi, soma tathmini za modeli yenyewe, na uinunue mpya hata kama kadi yako imetumika.

Mashine ikishasimama, kujua kinachobana ni rahisi. Ondoa kikomo cha fremu ndani ya gemu, shusha rezolusheni, kisha tazama idadi ya fremu. Zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki palepale, ni upande wa prosesa na RAM. Kabla ya kulaumu kipuri chochote, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi na si kwenye mazabodi. Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla ya Windows kuwaka) uwashe XMP au EXPO, mipangilio ya kasi ya RAM, kwa sababu bila hivyo RAM hukimbia kwa kasi ya chini kuliko iliyoandikwa kwenye boksi. Skrini ya 144 Hz (picha 144 kwa sekunde) nayo inaweza kuanza ikiwa 60 Hz mpaka uibadilishe kwenye mipangilio ya Windows, na hapo skrini yenyewe ndiyo inayobana.