Geti Limeandikwa "Mbwa Mkali", Ndani Wamo Watoto

Pita Raskazone, hapa Tanga, asubuhi, jua halijapanda, uhesabu mageti yenye kibao cha MBWA MKALI. Utachoka. Mengine hayana mbwa hata mmoja: mbwa alikufa zamani, kibao kikabaki kufanya kazi peke yake, na kinaifanya vizuri tu. Mengine ndani yake lipo jibwa la kilo 40, mnyororo wa mita mbili, na watoto watatu wanaoonywa kila siku wasilisogelee. Hapo ndipo huwa najiuliza, huyu alinunuliwa amlinde nani?

Shemeji yangu alipoanza kutafuta mbwa mkubwa wa nyumbani kwake Chumbageni, kila mtu alikuwa na la kumwambia. Kinyozi, dereva wa bajaji, fundi wa geti, na mimi pia. Mengi aliyoambiwa hayakuwa kweli, ila yamesemwa miaka mingi kiasi kwamba yamepata heshima ya wazee.

"Tafuta mkali. Asipokuwa mkali, mpe pilipili."

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Wapo wanaoamini kwamba mbwa akilishwa pilipili, akifungiwa gizani mchana kutwa au akikatwa mkia, ataiva ukali. Pilipili inamuunguza mdomo na tumbo, basi. Giza linamtia woga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma ovyo: hamtofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyeingia kufuata mpira. Mkia nao ni sehemu ya lugha yake. Ukiukata, umepunguza namna ya kujua anawaza nini. Na tusisahau kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Mbwa anayelinda kweli ni yule anayeijua kawaida ya nyumba. Anajua muuza maziwa hupita saa kumi na mbili na nusu. Anaijua baiskeli ya baba kwa mlio wa mnyororo wake. Kwa hiyo kikitokea kisicho cha kawaida saa nane ya usiku, anabweka, na kubweka ndiyo kazi yenyewe, maana mwizi hapendi kelele. Ujuzi huo haupatikani kwa kufungwa nyuma ya choo. Msingi wake hujengwa mapema mno, kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya umri, kitoto cha mbwa kinapozoea watu wa kila namna, vilio vya watoto, pikipiki, adhana, mvua juu ya bati. Asichokizoea wakati huo huweza kumtisha maisha yake yote.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Watu huitumia methali hii kusifia damu ya mbwa. Isikilize tena: anayetajwa kwa ukali kwanza ni msasi, yaani mwindaji. Damu ina sehemu yake, sikatai, ndiyo maana mimi husema ukamwone mama wa kitoto kabla ya kutoa hela. Mama akikubwekea kisha akatulia baada ya mwenye mbwa kumtuliza, endelea na mazungumzo. Akiwa anajificha na kuonyesha meno hata kwa anayemlisha, rudi nyumbani.

"Chukua German Shepherd, huwezi kukosea."

Unaweza. Mbwa huyu alisajiliwa Ujerumani mwaka 1899 na aliyekuwa afisa wa jeshi la wapanda farasi, Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa wachunga kondoo. Alikusudiwa kuzunguka kundi kutwa nzima, akili na miguu vikifanya kazi pamoja. Mlete kwenye mji wa baiskeli kama Tanga, mnyime kazi, halafu ushangae anapokimbiza kila gurudumu linalopita. Kwake yeye kundi linatawanyika!

La pili ni joto. Ana manyoya ya tabaka mbili, la nje refu na la ndani zito. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza zaidi kwa kuhema, na unyevu ukiwa mwingi hewani kuhema hakumsaidii sana. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ya Tanga ni kama iliyotoka kwenye sufuria. Nimemwona mmoja saa nane mchana, amefungwa mahali ambapo kivuli kilikuwepo asubuhi tu. Ulimi umetoka wote, umepanuka nchani, ute mzito unaning'inia, na miguu ya nyuma inayumba. Mwenye mbwa alidhani ana njaa. Tulimburuta hadi kwenye mti, tukammwagia maji ya bomba tumboni na miguuni, tukampepea kwa kipande cha boksi, ndipo tukamtafuta daktari wa mifugo. Alipona. Wengi hawaponi.

Je, hafai pwani kabisa? Anafaa, kwa anayeweza kumtembeza alfajiri na baada ya magharibi, kumwachia sakafu ya saruji yenye kivuli cha kutwa, na kumfundisha kitu kila siku. Asiye na muda huo amwangalie Rhodesian Ridgeback, mbwa wa kusini mwa Afrika ambaye sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Manyoya mafupi, kilo 30 hadi 40 hivi, mstari wa nywele zilizogeuka mgongoni. Alitumika kuwazuia simba mahali pamoja hadi mwindaji afike, kwa hiyo usitegemee mtiifu wa kupiga saluti. Ana maoni yake. Labrador ni mpole kwa watoto lakini ana tamaa ya chakula hadi aibu, na ataonyesha upendo kwa mgeni yeyote, mwizi akiwemo. Rottweiler dume hufika kilo 50 na ushei: ni mbwa mzuri mikononi mwa mtu mzoefu, si wa kujifunzia. Boerboel wa Afrika Kusini huweza kuvuka kilo 70. Kabla ya kumtaka huyo, jiulize nani nyumbani ataweza kumshika akiamua kwenda.

"Mbwa mkubwa anataka kiwanja kikubwa."

Kiwanja hakimtembezi mbwa. Nimeona mbwa mwenye ekari nzima akishinda mlango wa jikoni kutwa, akichimba mashimo kwa upweke, na nimeona mwingine Ngamiani, kwenye ua wa kutandaza mikeka minne, ametulia kama mzee wa baraza kwa sababu kila alfajiri anapelekwa ufukweni. Great Dane, mrefu kuliko wote niliowataja, ni mvivu wa kupigiwa mfano ndani ya nyumba. Tatizo lake ni jingine: mara nyingi huishi miaka 7 hadi 10 tu. Watu hudhani jibwa kubwa ndilo lenye maisha marefu, kumbe ni kinyume. Waeleze watoto mapema.

"Nyumba ya Muislamu haina mbwa."

Hapa ni Tanga, hili haliwezi kurukwa. Shemeji yangu mwenyewe alilibeba kimya wiki nzima ndipo akaniuliza, "Na malaika je, si hawaingii nyumba yenye mbwa?"

Nilimwambia akamuulize shehe wake, mimi si mwanachuoni. Lakini yapo yanayofahamika. Qurani, katika Suratul Maida aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Katika Suratul Kahf yumo mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini mwa pango pamoja na vijana waliolala. Hadithi zinazokataza kufuga mbwa bila haja zimewatoa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wamemlinganisha nao mbwa wa kulinda nyumba. Kinachowasumbua watu wa pwani ni najisi: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo ni suala la mpangilio wa nyumba. Bakuli lake liwe lake, asiingie panaposaliwa, na kuwe na nguo za kumhudumia. Mkavu akigusana na mkavu, najisi haihami.

Jirani asiyetaka mbwa naye ana haki yake. Ukuta wako usiwe na upenyo, na mgeni akibisha hodi, mbwa afungiwe kwanza ndipo geti lifunguliwe. Anayecheka na kusema "haumi huyo" huku mama wa watu ameinua baibui kwa hofu hajui ujirani.

"Mchukue angali mchanga akuzoee."

Wauzaji hupenda kuwatoa wakiwa na wiki nne au tano. Subiri wiki 8. Kwa mama na ndugu zake ndiko anakofundishwa kuuma bila kuumiza. Akikosa somo hilo, watakaolilipia ni watoto wako.

"Chakula cha mbwa ni makombo tu."

Mbwa wa kilo 35 anahitaji kilo moja na ushei ya chakula kilichopikwa kila siku. Makombo ya familia ya watu sita hayafiki huko, na yakifika basi kuna tatizo jingine nyumbani. Ugali mtupu unajaza tumbo bila kujenga mwili. Uchanganye na utumbo uliochemshwa vizuri, dagaa, au vichwa vya samaki kutoka soko la Deep Sea vilivyotolewa miba. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika kwa ncha kali na kutoboa matumbo. Kosa la wenye nazo ni la upande wa pili: wanakimiminia kitoto unga wa mifupa "kiwe na mifupa minene". Kitoto cha mbwa wa aina kubwa hakina uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu ya ziada, na mifupa yake huweza kukua imepinda. Akue polepole, mbavu zisihesabike kwa macho lakini zipapasike kwa vidole.

Ongeza dawa ya minyoo na ya kupe. Kupe wa pwani hawana likizo, na homa wanayoileta humuua mbwa huku mwenyewe akisema amerogwa.

"Alishachanjwa."

Lini? Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa kwa binadamu, na Shirika la Afya Duniani linasema wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 katika kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo aking'atwa mtu, hata na mbwa wako mwenyewe, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, ukiangalia saa, kisha moja kwa moja hospitali kwa chanjo. Mafuta ya taa na tumbaku havihusiki.

"Huyu hawezi kumfanya mtoto kitu, wamekua pamoja."

Huwa nakaa nikaangalia. Mtoto amemlalia mbwa shingoni, watu wazima wanapiga picha. Mbwa amegeuza uso pembeni, analamba pua yake, weupe wa jicho unaonekana, mwili umekakamaa. Mkia unatikisika kidogo, nao wanasema amefurahi. Huyo anaomba nafasi kwa adabu. Wengi huomba mara nyingi sana kabla ya kuuma, kisha tunasema "ameuma bila sababu". Mtoto mdogo na mbwa mkubwa wasiachwe peke yao, na mbwa akila au akilala asiguswe.

Shemeji mwishowe hakununua jina. Alipata jike huko Pongwe, mama yake Ridgeback, baba yake mbwa koko wa mtaani ambaye hakuna aliyemwalika. Nilifurahi. Mbwa koko tunamdharau, ilhali vizazi na vizazi vimemchuja kwa joto hili hili na kupe hawa hawa. Ukimlea tangu utotoni, ukamchanja na kumlisha, analinda kama yeyote. Huyu sasa ana miezi kumi na kilo 27. Analala barazani, kichwa kikielekea geti, na muuza maziwa hambwekei tena. Chanjo yake ijayo ya kichaa nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni kwao, chini ya tarehe ya ada ya shule.