Eosinofilia si jina lingine la minyoo

Mtu anapokea majibu ya kipimo cha damu, eosinofili zimepanda, na papo hapo anaambiwa: "Una minyoo." Mwingine zake ziko sawa, naye anaambiwa hana minyoo. Kauli zote mbili zinapotosha, na ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa inamwacha mgonjwa bila dawa.

Eosinofili ni mojawapo ya seli nyeupe za damu. Zikizidi 500 katika mikrolita moja ya damu, hiyo ndiyo eosinofilia. Ni hesabu, si ugonjwa. Pumu, mzio na hata baadhi ya dawa huipandisha.

Minyoo inaingiaje hapo? Bakteria humezwa na seli moja ikaisha. Mnyoo hamezeki, ni mkubwa mno. Kwa hiyo limfosaiti T, seli nyeupe nyingine za kinga, hutoa interlukini kadhaa, yaani protini za kupeleka ujumbe kati ya seli: namba 13 huufanya utumbo umwage ute na kujikaza ili mnyoo asukumwe nje, na namba 5 huuchochea uboho kuzalisha eosinofili kwa wingi. Eosinofili hizi humwandama lava, yaani mnyoo mchanga, ndani ya tishu, zikajibandika kwenye ngozi yake iliyokwisha kufunikwa na kingamwili, kisha zikamwaga juu yake protini zenye sumu.

Ndani ya tishu: hapo ndipo watu wanapopitiwa. Chukua mnyoo wa askaris. Lava wake hutoboa ukuta wa utumbo, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na kurudi utumboni. Anapopita mapafuni eosinofili hupanda sana, lakini choo kikipimwa hakionyeshi yai hata moja, maana lava hatagi. Miezi miwili mitatu baadaye amekomaa, katulia utumboni, mayai yamejaa chooni, na eosinofili huenda zimesharudi kawaida. Vipimo viwili, mnyoo yuleyule, majibu yanayopishana. Tegu naye anaweza kukaa utumboni bila kuzipandisha kabisa. Na vimelea vya seli moja, kama amiba, jiardia na wale wa malaria, kwa kawaida havizipandishi.

Kwa hiyo zikipanda, tuseme "tutafute sababu", minyoo ikiwemo. Zikiwa sawa na dalili zipo, choo kipimwe vilevile, ikibidi zaidi ya mara moja.