Vifaranga wa gurami katika baridi ya Bukavu

Wengi wanaoniuliza kuhusu kuzalisha gurami, samaki wa urembo wa kwenye akwariamu, wanataka kujua namna ya kumfanya dume ajenge kiota chake cha mapovu. Hapo sina maneno mengi. Gurami mwenye afya, aliyeshiba chakula hai, akiwekwa kwenye maji ya nyuzi 27 yaliyotulia, atajenga. Swali ninalotamani waniulize ni la wiki zinazofuata: kwa nini vifaranga mamia waliokuwa wananing'inia chini ya kiota wameisha wote, na maji bado yanaonekana safi? Hapa Bukavu sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni njaa, maana midomo yao haiwezi kumeza chakula tunachowapa. Wanaovuka njaa huuawa baadaye na baridi ya hewa iliyo juu ya maji. Nasema hewa, kwa sababu maji kila mtu anayapima, lakini ile hewa ya juu yake hakuna anayeikumbuka.

Gurami asili yake ni Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, kwenye madimbwi, mifereji na mashamba ya mpunga, mahali penye maji ya vuguvugu yenye oksijeni kidogo. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye mikunjo iliyojaa mishipa ya damu, kinachoitwa labirinti, nacho humwezesha kuvuta oksijeni moja kwa moja kutoka hewani. Ukikaa mbele ya kioo utamwona anapanda, anagusa uso wa maji kwa mdomo, anashuka. Sisi Wakongo tuna ndugu zake katika mito ya bonde la Kongo: Ctenopoma acutirostre mwenye madoa ya chui, na Microctenopoma ansorgii, mdogo wa mistari, ambaye naye hujenga kiota cha mapovu. Natamani sana kuona wafugaji wa nchi hii wakizalisha hao pia. Kwa sasa gurami ndio wanaopatikana kwa urahisi zaidi, basi tuendelee nao.

Anayeanza achukue gurami wa bluu, Trichopodus trichopterus. Wale wa rangi ya dhahabu na wa marumaru ni spishi hiyo hiyo. Ni wavumilivu, na jike mkubwa hutaga mayai mamia kwa mara moja. Gurami lulu, Trichopodus leerii, kwa macho yangu ndiye mzuri kuliko wote, na dume lake hupata kifua cha rangi ya chungwa, ila hapendi kusumbuliwa. Gurami kibete, Trichogaster lalius, simshauri mtu aanze naye: wengi wanaozalishwa kibiashara wana virusi visivyo na tiba, na samaki anayeonekana mzima leo anaweza kuanza kupata vidonda baada ya wiki kadhaa. Kutofautisha dume na jike, tazama pezi la mgongoni. La dume ni refu lenye ncha, la jike ni fupi na la mviringo.

Maji ya ziwa yako karibu na ni ya bure, lakini kwa gurami hayafai yakiwa peke yake. Ziwa Kivu lina maji yenye chumvichumvi nyingi, hasa magnesi, na pH yake (kipimo cha asidi) juu huwa karibu na 9, wakati gurami anataka kitu cha 6.5 hadi 7.5. Ninatumia maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke, nikichanganya na maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua za kwanza. Ndugu zangu wa Goma wawe waangalifu na mvua: moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia maji hayo asidi na floridi.

Tangi la kuzalishia liwe la lita 60 hivi, lakini maji yasizidi kina cha sentimita 15 hadi 20. Weka mimea inayoelea ya kushikilia kiota, na vichaka vya kutosha chini ili jike apate pa kujificha, kwa sababu dume la gurami wa bluu ni mkali na linaweza kumjeruhi mke wake vibaya. Wiki mbili kabla, walishe viluwiluwi vya mbu na minyoo ya udongo iliyokatwakatwa. Tumbo la jike litavimba.

Dume hupanda, anameza hewa, anaitema ikiwa imefunikwa na ute wa mdomo wake, povu baada ya povu, mpaka uso wa maji kwenye kona moja unakuwa mweupe. Jike akiwa tayari humfuata hadi pale na kumgusa ubavuni. Dume linajikunja kumzunguka, linampindua tumbo juu, wanatetemeka pamoja kwa sekunde chache, na mayai yanatoka yakipanda yenyewe, maana yana tone la mafuta ndani. Yale yanayokosea njia dume huyaokota kwa mdomo na kuyapandikiza kwenye povu. Wakimaliza, mwondoe jike mara moja. Kwa nyuzi 27 au 28 mayai huanguliwa baada ya saa 24 hadi 36. Siku mbili tatu zaidi vifaranga wananing'inia kwenye kiota wakila kiini walichozaliwa nacho, na dume huwarudisha wanaoanguka. Siku wanapoanza kuogelea wamelala sawasawa, dume naye atoke, la sivyo atawaona kama chakula.

Siku hiyo hiyo ndiyo njaa inapoanza. Kifaranga wa gurami ni mdogo kuliko wa samaki wengi tunaowafuga, na unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hata ukisagwa namna gani, ni mkubwa kwa mdomo wake. Anachohitaji ni infusoria, vile viumbe vya maji visivyoonekana vizuri kwa macho. Vinaoteshwa nyumbani kwa gharama ndogo sana. Chukua chupa kubwa ya kioo, ijaze maji ya zamani kutoka kwenye akwariamu, tumbukiza kipande cha ganda la ndizi lililokauka au jani la saladi lililochemshwa, funika kwa kitambaa, weka karibu na dirisha. Mwanzoni maji yanakuwa meupe na kunuka. Hao ni bakteria. Usiwape vifaranga wakati huo. Baada ya siku kadhaa weupe unapungua na harufu inaisha. Inua chupa, elekeza tochi kwa pembeni: utaona kama vumbi laini linalotembea lenyewe, linakwenda na kurudi, linakusanyika upande wenye mwanga. Hilo vumbi ndilo chakula. Kwenye joto la Bukavu linachelewa kuliko vitabu vinavyosema, kwa hiyo anzisha chupa ya kwanza siku ile ile unapoanza kuwashibisha wazazi, na ya pili siku tatu baadaye, ili moja ikiisha nyingine iwe imeiva.

Wape kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, kwa mrija. Aliyekula anajulikana: tumbo lake lina nukta nyeupe iliyojaa. Mwenye tumbo bapa asubuhi hatafika kesho yake. Kiini cha yai lililochemshwa, kikikamuliwa kwenye kitambaa, kinasaidia pale infusoria zinapopungua, lakini tone moja linatosha. Likizidi linaoza chini na amonia inawamaliza.

Baada ya wiki moja au siku kumi, hamia kwenye artemia, vidudu vidogo vya maji ya chumvi, waliotoka kuanguliwa. Mayai yake huwekwa kwenye maji yenye chumvi gramu 25 kwa lita, yenye joto na hewa inayopulizwa, na baada ya siku moja una vidudu vya rangi ya chungwa. Visuuze kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuwapa vifaranga. Makopo ya mayai hayo ni ghali na lazima yaagizwe, kwa hiyo huwa naongeza minyoo midogo inayooteshwa juu ya uji mzito wa mahindi.

Sasa hewa. Kifaranga hazaliwi na labirinti. Mwanzoni anapumua kwa matamvua na ngozi tu, na kiungo kile kinajengeka kati ya wiki ya tatu na ya sita. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya nyuzi 27, ambayo kule pwani yangebeba karibu miligramu 8 za oksijeni kwa lita, hapa yanabeba chini kidogo ya 7. Ndiyo maana usiwarundike. Kisha wanapoanza kupanda kuvuta pumzi zao za kwanza, wanakutana na hewa ya chumba, ambayo usiku wa Julai inaweza kuwa nyuzi kumi chini ya maji yao. Hapo ndipo mtu anaamka anakuta wameelea.

Kifuniko cha kioo kinachobana ni cha lazima tangu siku ya kiota hadi wiki ya nane. Acha upenyo mdogo tu. Ukigusa kioo kwa ndani kiwe na matone, na hewa ya pale iwe ya joto kama ya maji. Pampu ya hewa inayoendesha kichujio cha sifongo isikae sakafuni, maana itavuta baridi ya sakafuni na kuipeleka moja kwa moja kwa vifaranga; mimi naiweka juu, ndani ya boksi lile lile linalofunika tangi. Boksi lenyewe ni frigoliti, ile povu nyeupe ngumu ya kufungashia vyombo, pande zote isipokuwa mbele, na chini pia. Umeme ukikatika, jaza chupa za plastiki maji ya moto, zifunge kwa kitambaa, uzipange kati ya frigoliti na kioo. Usizitumbukize ndani: zinavuruga kiota na kupasha sehemu moja kupita kiasi. Blanketi juu ya yote, na joto litashuka polepole sana.

Chumba chenye mbabula, yaani jiko la makaa, si mahali pa gurami, wala penye kupuliziwa dawa ya mbu. Moshi na dawa vinatua juu ya maji, na samaki huyu anakunywa hewa pale pale juu. Utando wa mafuta ukionekana, lalisha karatasi safi juu ya maji na uivute; itaondoka nao.

Kubadilisha maji ni sehemu ndogo, moja ya kumi kila baada ya siku mbili au tatu, yakidondoka kwa mrija mwembamba na yakiwa ya joto lile lile. Uchafu unyonye kwa mrija huo huo kwenye bakuli jeupe, utazame kama kuna kifaranga aliyepita. Kuanzia wiki ya nne watenganishe kwa ukubwa, kwa sababu wakubwa wanawameza wadogo.

Ukifuata haya utakuwa na gurami kuliko unavyoweza kuwalea. Wasiende ziwani. Sambaza tunayokula waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ziwa lilibadilika tangu hapo. Lina spishi chache, na kadhaa za samaki wa jenasi Haplochromis hazipatikani kwingine duniani. Aliyejaliwa mayai mengi mno apunguze siku ya kwanza, kabla hayajaanguliwa, kwa kuchota sehemu ya kiota na kuwapa samaki wa tangi lingine.