Nyungu haitibu nimonia

"Nesi, tumeshampiga nyungu tangu juzi, mbona hajapona?" Swali hili nimelisikia tena wiki hii, mtoto mwenyewe wa miezi minane, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Leo naliandika.

Nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani yaliyochemshwa ukiwa umejifunika blanketi, siikatai. Baridi ya Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa Julai tunaijua, na miti ya milingoti ya kuchuma majani imejaa kila kona. Mtu mzima kabanwa na mafua, ajifukize. Makamasi yatalainika, apenge, alale. Ninachokataa ni imani iliyoshika kasi mwaka 2020 wakati wa korona, kwamba mvuke unashuka mapafuni kuchoma virusi. Hewa ya moto hupoa puani na kooni kabla ya kufika huko. Ukiupandisha joto hadi uue kirusi, utakuwa umeshababua koo.

Hapo naulizwa: mbona nikitoka kwenye blanketi pua imefunguka? Hapa ndipo watu wanapopotea. Chukua mentoli, ile ya dawa za kuchua ambazo wengi huzitia kwenye maji ya moto. Inaamsha mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi, na ubongo unaamini hewa inapita kwa wingi. Watafiti wamepima hewa puani kabla na baada ya kuivuta: mtu anasema amefunguka, kipimo kiko palepale. Nafuu hiyo anaihisi kweli, na mgonjwa anaistahili. Lakini usiitumie kupima ugonjwa. Anayejisikia nafuu huku kifua kinaharibika ndiye anayetufikia amechelewa.

Hata kwa mafua ya kawaida, tafiti za mvuke zimepingana: kuna walioona nafuu, kuna ambao hawakuona tofauti yoyote. Ndiyo maana simlazimishi mtu kujifukiza, wala simkatazi mtu mzima.

Mtoto hapigwi nyungu. Sufuria hupinduka, maji yakamuunguza mapaja na tumbo. Jiko la mkaa likiingizwa chini ya blanketi ni hatari kwa kila mtu, maana hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Dawa za kuchua zenye mentoli au kafuri, usimpake mtoto wa chini ya miaka 2. Pua ikiziba, chemsha maji glasi moja, tia chumvi nusu kijiko cha chai isiyojaa, yapoe kabisa, kisha mdondoshee tone moja moja kabla ya kunyonya.

Halafu, ili kutambua dalili za nimonia, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima, usikadirie. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Zikifika hapo, au mbavu zikibonyea, au akishindwa kunyonya, mlete usiku huohuo, na majani yabaki jikoni.